Je, wajua kwa nini mwenye korona hasikii harufu ilhali pua haijaziba?

Mwaka 2020 shangazi yangu aliunguza vitunguu mara mbili ndani ya wiki moja. Alikuwa amesimama palepale jikoni, moshi umetanda, na sisi wa sebuleni ndio tuliokimbilia kuzima jiko. Kamasi hana hata tone. Ni uchovu tu na kikohozi kikavu. "Mafua haya," akasema, nasi tukakubali.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, vinavyoongoza vikiwa ni rinovirusi. Huvimbisha utando wa pua na kuujaza kamasi, hewa yenye harufu ikashindwa kupanda hadi juu kwenye neva za kunusa. Ukipenga vizuri, harufu hurudi japo kidogo.

Korona hufanya jingine kabisa. Kando ya neva hizo kuna seli saidizi zinazozilisha na kuzilinda. Kirusi cha UVIKO-19 huingia katika seli kwa kushika protini iitwayo ACE2, na protini hiyo imo kwa wingi katika seli saidizi, si katika neva zenyewe. Wasaidizi wakiugua, neva huwa hai lakini kazi huzishinda. Ndiyo maana unavuta hewa bila shida, na karafuu uliyoishika puani hainukii. Seli saidizi huota upya, na wengi hurudiwa na harufu baada ya wiki kadhaa. Kwa wengine hurudi imeharibika, kahawa ikanuka kama kitu kilichoungua.

Ila dalili hii siku hizi si ya kutegemea. Tangu Omikroni, aina mpya ya kirusi hicho iliyopewa jina Novemba 2021, korona huja zaidi na kamasi, chafya na koo kuwasha, na wengi hawapotezi harufu. Homa kali, mwili kuuma na uchovu wa kukulaza kitandani huelekea zaidi kwenye korona, kwa kuwa mafua ni nadra kumwangusha mtu mzima hivyo. Lakini kwa kutazama tu, hata daktari hawezi kuapa. Kinachokata shauri ni kipimo cha kijiti puani. Kipimo cha haraka kikionyesha huna na dalili zinaendelea, rudia baada ya saa 48. Na kwetu huku penye mbu, homa yoyote ipimwe malaria pia.

Nyungu haiui kirusi, na maji yake ya moto huunguza watoto. Pumzi ikibana, kifua kikiuma, midomo ikibadilika rangi au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, ni hospitali usiku huohuo. Wazee na wenye kisukari au presha wasingoje hata hapo. Waende kupima mapema.

Shangazi ana kisukari. Tulimpeleka siku ya sita, akiwa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta. Alipona, lakini safari ile ilipaswa kuwa siku ya vitunguu.