Mwendelezo katika biashara ndogo ni nini, na unaushikaje siku ambazo ari haipo

Biashara nyingi ndogo huanza kwa nguvu ya soda. Mwezi wa kwanza kibao kimepakwa rangi, picha za mzigo mpya zinapostiwa asubuhi na jioni, mwenye duka anafungua saa 12 na kufunga saa 4 usiku. Mwezi wa nne kibao bado kipo, ila mlango unafunguliwa pale mwenyewe atakapojisikia. Kilichokosekana hapo ndicho kinachoitwa mwendelezo: kufanya yale ya msingi kwa kiwango kile kile na kwa saa zile zile ambazo watu wamezizoea, iwe umeamka na ari au umeamka huna hamu hata ya kusalimiana na mtu.

Wengi huuchanganya na bidii. Unaweza kuwa na bidii sana Jumatatu, ukauza hadi usiku wa manane, na bado ukakosa mwendelezo kwa sababu Jumanne hukuonekana. Bidii unajipima mwenyewe. Mwendelezo anakupima mteja, na swali lake ni moja tu: nikienda sasa hivi, nitamkuta? Anayewahi daladala alfajiri hana muda wa kubahatisha. Akikosa meza ya vitafunwa pale alipozoea, mara ya kwanza atakuulizia, mara ya pili atanunua kwa jirani, na mara ya tatu jirani ndiye atakuwa mtu wake. Wala hajakukasirikia. Mteja anayeondoka haagi, ndiyo maana mwenye biashara hubaki akisema hali imekuwa ngumu.

Mawakala wa fedha za simu wanalijua hili kuliko wengine. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, vibanda vimeongezeka hadi mtaa mmoja una vinne au vitano, na makato kwa mteja yanapangwa na kampuni, kwa hiyo hakuna wa kumshinda mwenzake kwa bei. Kinachobaki kuwatofautisha ni nani amefungua na nani ana floti, yaani salio la kuhudumia wateja. Wakala anayejibu kila siku "leo floti imeisha, jaribu pale mbele" anampelekea mshindani wake wateja, tena kwa mdomo wake.

Sasa, kwa nini ari inakwisha? Mara nyingi si uvivu. Mtu hupata moyo anapoona matunda, na biashara ndogo ina vipindi virefu vya kutoona kitu. Januari wazazi wamemalizia hela kwenye ada na sare. Ramadhani mama lishe wa pwani mchana hana mtu. Masika ikishika Dar es Salaam, maji yakajaa Jangwani na magari yakazuiwa kupita, anayetegemea wapita njia anajua siku hiyo imeshakwenda. Ukisubiri moyo ukusukume, utakuwa unafunga kila misimu hiyo inapofika, na msimu mzuri ukirudi wateja wako watakuwa kwa mwingine.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi, nayo ni mtaji kuliwa. Leo umetoa elfu tano ya mboga, kesho ya dawa, keshokutwa mchango wa harusi, yote kutoka droo ile ile. Baada ya miezi miwili rafu zina mapengo, mteja akiuliza vitu vitatu unavyo kimoja, na hakuna binadamu anayefurahia kukaa siku nzima akisema "kimeisha". Hapo watu hutafuta video za kutia moyo. Dawa iko kwenye droo: jipangie posho ya siku au ya wiki, hata ikiwa ndogo, uichukue kama mshahara, na zilizobaki ziwe za mzigo.

Wanaodumu hawana ari kubwa kuliko wengine. Wamepanga mambo ili asubuhi wasiwe na cha kuamua. Mtazame mtu wa vitumbua. Mchele wa kesho anauloweka leo mchana. Usiku anausaga na tui la nazi, anatia hamira, sukari na hiliki, anaufunika uumuke. Alfajiri akiamka na mwili mzito, hakuna anayemuuliza kama anajisikia kufanya biashara. Ndoo iko pale imefura, na asipokaanga itachacha pamoja na hela yake. Uamuzi aliufanya jana, akiwa na nguvu. Leo ni kuwasha jiko tu.

Kila kazi ina mchele wake wa kuloweka. Fundi cherehani anaweza kukata kitambaa jioni kabla ya kufunga, asubuhi akaanzia kwenye kushona, ambako mikono inakwenda yenyewe. Anayeuza mitumba mtandaoni apige picha za nguo zote siku mzigo unapofunguliwa, azigawe za wiki nzima, na aandike bei kabisa (haya ya "bei njoo inboksi" yanamchosha mteja na yanamchosha muuzaji vilevile). Mchezo wa kila siku, ule wa kuchangiana hela na kupokea kwa zamu, nao unasaidia: ukiwa umejiunga na wenzako na kila jioni kuna wa kumpelekea elfu mbili, utafungua. Lakini mchezo usiulinganishe na ile mikopo ya riba kubwa inayoitwa kausha damu. Yenyewe pia inakutoa kitandani, ila inakula ule mtaji ambao ndio unaokupa sababu ya kufungua.

Jambo lingine ni kuwa na kiwango chako cha chini kabisa, na ukipange siku ukiwa mzima, si siku umechoka. Mwenye genge anaweza kusema: hata niwe na hali gani, nitafungua saa 12 na nusu, nyanya, vitunguu na mafuta ya kupima havitakosekana, na jioni nitaandika. Kupanga upya meza, kuongeza bidhaa, kutafuta wateja wa jumla, hayo yatangoja siku yenye nguvu. Watu hukosea hapa kwa kujiwekea kiwango cha siku ya furaha, wakishindwa kukifikia wanaacha vyote.

Hiyo sehemu ya kuandika ndiyo ya kwanza kudondoka. Msemo wa biashara asubuhi, jioni mahesabu kila mtu anaujua, ila jioni imechoka kuliko asubuhi. Mistari mitatu inatosha: kilichoingia, kilichotoka, aliyekopa. Bila hiyo huwezi kujua kama unapita siku mbaya au una biashara mbaya, na hayo mawili yanakatisha tamaa kwa namna moja lakini hayatibiwi sawa.

Je, kupumzika kunavunja mwendelezo? Hapana, kama kunajulikana. Zanzibar maduka mengi yanafungwa Ijumaa adhuhuri wenyewe wakienda kuswali, na hakuna mteja anayelalamika, kwa kuwa anajua na anajipanga. Kinachoumiza ni kufunga bila kutarajiwa. Chagua siku yako au nusu siku yako, iandike mlangoni, kisha ulale kweli.

Na ukiikosa siku moja kwa mgonjwa au msiba, usiihesabu kuwa umerudi mwanzo. Utafiti wa chuo cha University College London ulioongozwa na Phillippa Lally, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea ya kawaida kama kula tunda au kufanya mazoezi. Kwa wastani zoea lilikaa baada ya siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliporuka siku moja, hakukuharibika kitu cha maana. Watu hawa hawakuwa wauza duka, lakini habari za kwamba ukivumilia siku 21 basi umezoea ni bora tuziache.

Mwisho kuna swali ambalo wengi huogopa kujiuliza: je, ninadumu au ninang'ang'ania? Daftari likionyesha kwamba bidhaa fulani imepita msimu mbaya na msimu mzuri bila kutoka, kuendelea kuiagiza ni ukaidi. Badilisha bidhaa, usibadilishe saa, mahali wala uaminifu wa bei. Mama lishe ambaye Ramadhani anaacha wali wa mchana na kupika mihogo ya nazi na uji wa futari pale pale kibandani kwake hajakatiza chochote. Wateja wake wanajua bado yupo. Ila awatangulizie taarifa wiki moja kabla, anapowarudishia chenji.