Nyeupe ya Simba, kijani cha Yanga: kuchora bango la soka la Dar lenye sura ya zamani

Mteja akiniomba bango la soka la Dar es Salaam lenye sura ya zamani, mara nyingi anachowaza ni mikwaruzo, madoa ya chai na karatasi iliyochanika pembeni. Hayo siyaweki. Bango la miaka ya sabini lilipotoka kiwandani lilikuwa safi kabisa. Kilicholitambulisha ni rangi chache na herufi nene. Nami naanzia hapo hapo: rangi mbili za wino, zikizidi sana tatu.

Kwa Yanga, mbili zinatosha vizuri mno. Kwenye skrini, yaani kitambaa cha kuchapia kilichokazwa kwenye fremu, napitisha njano kwanza, kisha buluu juu yake, nikihakikisha buluu haigusi karatasi tupu. Zinapokutana inatoka kijani, na jezi inapata rangi za klabu bila wino wa tatu. Buluu ikisogea kidogo, ukingo mwembamba wa njano hubaki wazi begani mwa mchezaji. Ukingo huo naupenda, siufuti.

Kazi iko kwa Simba. Nyekundu haisumbui, inayosumbua ni nyeupe, maana kwa kawaida nyeupe haichapwi: ni karatasi iliyoachwa wazi. Ukichagua karatasi ya krimu ili bango lionekane la kale, nyeupe ya Msimbazi inakuwa njano njano, na hiyo ni rangi ya watani! Mwana Simba gani atatundika njano sebuleni kwake? Kwa hiyo natandika wino mweupe kwanza, nausubiri ukauke vizuri, ndipo nyekundu inafuata.

Historia nayo inataka heshima ile ile. Ligi ilipoanza mwaka 1965 bingwa alikuwa Sunderland, ndiyo Simba ya leo. Jina la Simba lilikuja 1971, kwa hiyo bango la msimu wa 1965 siliandiki Simba hata mteja akisisitiza. Ukitaka lile la 6-0 ya mwaka 1977, Simba ilipoifunga Yanga na Abdallah Kibadeni akafunga matatu, nyuma yake nachora Uwanja wa Taifa wa wakati ule, ambao leo tunauita Uhuru. Ule mkubwa wa jirani ulifunguliwa 2007.

Halafu wapo Cosmopolitan, mabingwa wa 1967. Karibu kila anayekuja kwangu anataka Simba au Yanga, lakini mfululizo wa mabango ya soka la jiji hili bila Cosmo mimi nauona una pengo, na mteja namwambia hivyo kabla sijashika penseli.