Kivuli kwenye picha ya titi baada ya tibakemikali

Imani kwamba picha ya titi lenye saratani baada ya tibakemikali, ile inayotolewa kabla ya upasuaji, husema kila kitu ni ya siku nyingi: kivuli kikibaki, dawa imeshindwa, kikitoweka, mgonjwa amepona. Yote mawili yanaweza yasiwe kweli.

Chukua vile vidoa vyeupe vya kalsiamu, vidogo kama punje za chumvi, vinavyoonekana kwenye mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi. Seli za saratani zikifa, kalsiamu si lazima iondoke nazo. Inaweza kubaki palepale, hata kuongezeka. Kovu nalo huacha kivuli. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, yenye dawa ya kung'arisha inayodungwa kwenye mshipa, hukadiria mabaki vizuri zaidi, ingawa nayo hukosea.

Upande wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Si kila uvimbe husinyaa kuelekea katikati. Mwingine humeguka, ukaacha vikundi vya seli vidogo mno kuonekana. Ndiyo maana kabla ya dawa kuanza, au mapema katika matibabu, daktari huweza kupachika kipande kidogo cha chuma ndani ya uvimbe, ili ukitoweka, mpasuaji ajue pa kukata. Nyama iliyotolewa hukaguliwa kwa darubini, na jibu hilo ndilo linalosaidia kupanga tiba inayofuata.