Nanasi Halina Kiu Unayoidhani

"Mananasi yangu yanakufa kwa kiu, bibi shamba," aliniambia bi mkubwa mmoja huko Pemba, ndoo ya maji mkononi. Majani ya katikati yalikuwa manjano. Nikalishika jani la moyo, nikalivuta kidogo tu. Likachomoka lote, chini limelainika, ukingo wa kahawia, na linanuka.

Kiu haifanyi hivyo. Huko ni kuoza moyo, maradhi ya vimelea vinavyostawi kwenye udongo unaotuamisha maji. Shamba lake lilikuwa ukingoni mwa bonde la mpunga, kinamo kitupu, yaani udongo mzito unaonata, na kila jioni analimwagilia.

Nanasi asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake limetoka kwa Watupi wa Brazili. Ukoo wake una aina zaidi ya 3,000, karibu zote za Amerika. Moja tu ndiyo ya Afrika, nayo huota kwenye miamba ya Guinea.

Ukame nanasi limeuzoea tangu huko kwao Amerika. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ipate kuvuta hewa ya ukaa, na maji nayo yakapotelea hapo hapo. Nanasi hufungua usiku. Hewa hiyo huiweka akiba ndani ya jani ikiwa asidi, jua likichomoza hufunga vitundu, ndipo huitumia kutengeneza sukari. Jani la alfajiri kwa hiyo lina asidi nyingi kuliko la magharibi. Isitoshe, majani yake yamekaa kama mifereji: hata umande huteremka hadi shinani.

Basi panda kwenye kichanga au kinongo kisichotuamisha maji. Ukiwa huna ila kinamo, inua matuta. Kishungi cha tunda huota, lakini chipukizi la ubavuni huzaa mapema zaidi. Ukiona sisimizi wengi, chungua chini ya majani: wanawalinda wadudu weupe kama unga, wanaoeneza mnyauko. Na usikate tunda bichi ukitaraji litaivia jikoni kama ndizi. Rangi itageuka, utamu, ng'o.

Bi mkubwa tulimng'olea yaliyooza, machipukizi mazima tukayahamishia mlimani.

"Na ndoo yangu?" akauliza.

"Mwagilia mchicha, bi mkubwa."