Diski kubwa si lazima iwe na kasi

Wengi huamini kwamba kompyuta ya nyumbani ya kujaribia mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja) inahitaji diski ya terabaiti nyingi, na kwamba ikiwa kubwa itakuwa na kasi pia. Nafasi inahitajika kweli, ila kasi hutoka kwingine.

Kila mashine pepe husoma na kuandika vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, tena zote kwa pamoja. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 4 hivi mpaka data ifike chini ya kichwa kinachoisoma, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Hivyo humudu maombi kama 100 tu ya kusoma au kuandika kwa sekunde. SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya kawaida, inayounganishwa kwa waya wa SATA, humudu makumi ya maelfu. Ningechagua SSD ya GB 500 kwa mashine zenyewe, diski ya sahani niiachie nakala za akiba.

Jihakikishie: washa mashine tatu kwa mpigo, kisha utazame diski kwenye Task Manager ya Windows. Ikionyesha 100% huku ikihamisha MB chache kwa sekunde, inayokwamisha ni diski, si prosesa. Kwenye Linux, amri ya iostat -x huonyesha muda wa kusubiri.