Pesa sawa kwa kila mtoto? Dhana potofu kuhusu zawadi za sikukuu

Sikukuu zikikaribia, wazazi wanaokuja kwangu kwa ushauri huanza na maneno yaleyale: "Mimi sibagui, kila mtoto namtengea kiasi kilekile." Wanayasema kwa kujiamini kabisa, kisha wananieleza jinsi mmoja wa watoto hao mwaka jana alivyonuna siku nzima. Nimechoka kuyasikia, kwa hiyo nianze na hilo.

Dhana: Bajeti ikiwa sawa, haki imetendeka

Haki machoni pa nani? Risiti unaiona wewe peke yako. Mtoto wa miaka minne hana habari na bei, yeye anahesabu maboksi na kuangalia lipi kubwa. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilionyesha hili zamani: ukipanga vitu kwa mistari miwili yenye idadi sawa, kisha ukautanua mstari mmoja, watoto wengi walio chini ya miaka sita au saba watakwambia ule mrefu ndio wenye vitu vingi. Hata kama umevihesabu mbele yao! Sasa mtoto huyo ndiye unayetaka aelewe kwamba kiboksi kimoja kidogo cha kaka yake kina thamani sawa na rundo lake?

Tazama inavyokuwa siku yenyewe. Mkubwa wa miaka kumi amepata saa ya mkononi, kiboksi kinachoenea kiganjani. Mdogo wa miaka mitano, kwa pesa ileile, amepata mwanasesere, rangi, mpira, kitabu cha picha na vikorokoro vingine vinne. Mkubwa anamaliza kufungua kabla hujaketi. Dakika zote zinazobaki anakaa na saa yake mkononi, akimtazama mwenzake anavyochana karatasi moja baada ya nyingine. Saa ni nzuri, ameiomba mwenyewe, na bado uso umemshuka.

Vile vikorokoro vinne ndivyo vinavyoniudhi kuliko yote. Mzazi ameona upande wa mdogo kumebaki pesa, karudi dukani usiku wa kuamkia sikukuu kununua chochote ili hesabu zilingane. Mtoto hakuviomba. Vilinunuliwa ili mzazi alale vizuri, na baada ya wiki mbili utavikuta chini ya kitanda.

Kwa vijana mambo hubadilika, kwa sababu bei wanaijua, na wasipoijua wanaitafuta kwenye simu. Lakini hata wao hawadai usawa wa senti kwa senti. Amanda Kowal na Laurie Kramer, katika utafiti wa mwaka 1997, waliwauliza watoto wa miaka 11 hadi 13 kuhusu wazazi kuwatendea tofauti na ndugu zao. Mara nyingi, takriban robo tatu, watoto walioiona tofauti hawakuihesabu kuwa uonevu. Waliiona ina sababu, kama vile umri au mahitaji ya mwenzao. Kwa hiyo zungumza naye kabla ya sikukuu, siyo baada ya kununa: "Mwaka huu mdogo wako anahitaji baiskeli, ile ya zamani imemshinda kimo."

Ninachowashauri wote ni hiki: idadi ya vifurushi ilingane, kila mmoja awe na kimoja anachokitamani kwelikweli, na wafungue kwa zamu. Bajeti iwe kikomo cha juu, hulazimiki kuifikia. Na tafadhali, viatu vya shule si zawadi. Mzazi anayevifunga karatasi za rangi ili navyo vihesabiwe hamdanganyi mtu, hata yule wa miaka mitano.

Dhana: Mdogo bado haelewi

Anaelewa vizuri sana akipunjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima watoto katika nchi saba, zikiwemo Uganda, Senegal, India na Marekani. Kote huko, walipofika umri fulani, watoto walikataa mgao uliowapa kidogo kuliko mwenzao, ingawa kukataa kulimaanisha wote wawili wakose. Waliokataa kupendelewa wao wenyewe walipatikana katika nchi tatu tu, nao walikuwa wakubwa kidogo. Usitegemee basi kwamba aliyepata zaidi ndiye atakayemtetea mwenzake.

Dhana: Pacha lazima wapewe vinavyofanana

Hapana. Ni watu wawili. Waulize kila mmoja peke yake, si wote kwa pamoja, maana mmoja atasema na wa pili ataitikia.

Dhana: Mwenye alama nzuri apate zaidi

Kama unataka kumpongeza, mpongeze siku ya matokeo. Ukisubiri sikukuu, umewaambia wengine mbele ya ukoo mzima kwamba wao ni wa daraja la pili.

Dhana: Watoto wa kambo watapata kwa mzazi wao wa upande wa pili

Huenda. Lakini asubuhi hiyo wako sebuleni kwako, na wanahesabu vilivyomo sebuleni humo. Idadi ileile, bila mjadala.

Dhana: Zawadi za babu na bibi hazinihusu

Zinakuhusu, kwa kuwa mtoto aliyepunjwa kilio atakuletea wewe. Bibi mwenye mjukuu kipenzi mpigie simu mapema, mpe orodha fupi ya kila mtoto. Akishikilia lazima ampe kipenzi chake kitu kikubwa, mwombe kwa upole ampe siku nyingine, wenzake wasipokuwepo.