Mkopo na mtaji katika viza ya mwekezaji ya Marekani

Husemwa mara nyingi, hata na watu wanaolipwa kutoa ushauri, kwamba mwombaji wa viza ya EB-5 haruhusiwi kutumia fedha za kukopa, na kila lisemwapo hilo huwa madeni mawili tofauti yamechanganywa. EB-5 ni njia ya kupata ukaazi wa kudumu Marekani, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1990: mwombaji huwekeza dola 1,050,000, au 800,000 vijijini na penye uhaba mkubwa wa ajira, na uwekezaji wake sharti uzae ajira 10 za muda wote.

Kinachokatazwa ni uwekezaji wenyewe kuwa mkopo. Mwombaji akiipa kampuni fedha, naye akapokea hati inayomhakikishia kurudishiwa, huyo ameikopesha kampuni, hakuwekeza, kwa kuwa mtaji wa EB-5 lazima uwe katika hatari ya kupotea. Deni baina yake na benki, au baina yake na ndugu yake, ni jambo jingine kabisa, maana kampuni haimo.

Utata ulizidi mwaka 2015, pale USCIS, idara inayoshughulikia maombi haya, iliposhikilia kwamba fedha taslimu zilizotokana na mkopo ni deni, na kwamba mkopo huo lazima uwe na dhamana ya mali ya mwombaji. Ajabu ni kwamba kanuni ya idara hiyohiyo ilikwisha kutenganisha fedha taslimu na deni, na sharti la dhamana liliwekwa kwa anayeleta ahadi ya kuilipa kampuni baadaye badala ya fedha. Wawekezaji walishtaki, na Oktoba 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Washington ikakubaliana nao kuwa fedha taslimu ni fedha taslimu, hata zikiwa za mkopo. Mwenye duka naye hamwulizi mteja kama noti yake ameiazima.

Si kila mkopo unaofaa, hata hivyo. Sheria ya Machi 2022 inataka mkopo utolewe kwa nia njema, usiwe hila ya kukwepa masharti ya vyanzo vya fedha, na mkopeshaji asiye benki huweza kutakiwa kuonyesha alikozipata zake.

Kwa hiyo anayeulizwa kama mkopo unaruhusiwa angefanya vyema kutazama kwanza nani anamdai nani: benki ikimdai mwombaji, kazi iliyobaki ni ya nyaraka, mwombaji akiidai kampuni, hapo hakuna mtaji.